Ndege Niliyemdhania Mwizi wa Vifaranga

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipopelekwa kufundisha katika shule ya msingi iliyokuwa bara ya Msambweni, njia ya kwendea Kikoneni. Bendera mpya ilikuwa haijatimiza miaka miwili mlingotini. Sisi tuliotoka chuo cha ualimu wakati ule tulikuwa wachache, na watu wa vijijini walitupa heshima ambayo hatukuwa tumeitolea jasho. Mtu mzima mwenye wajukuu alikuletea barua ya mwanawe aliyekuwa Mombasa umsomee, kisha akakuuliza kama mvua itawahi, kisha dawa ya pumu. Nami niliyajibu yote. Sikumbuki hata siku moja katika mwaka ule wa kwanza niliposema sijui.

Nyumba za walimu zilikuwa bado hazijajengwa, kwa hiyo mwalimu mkuu alinitafutia chumba kwa mama mmoja mjane. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini, na mwendo wa mtu asiyependa kuharakishwa. Mumewe alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Binti yake wa pekee aliolewa na mfanyakazi wa reli kule Mackinnon Road, akawa huja mara moja kwa mwaka, na mara nyingine asije. Shemeji zake, ndugu za marehemu, walimtaka afunge nyumba ahamie kwao wamtunze. Alikataa kwa adabu. Aliwaambia angali na mikono miwili.

Neno lile la kukataa lilisimama juu ya kuku. Muhogo alikuwa nao, na minazi michache, lakini kuku ndio waliompa sabuni, mafuta ya taa, na nauli ya kwenda kumwona binti yake. Aliwajua mmoja mmoja kwa tabia. Kulikuwa na mtetea mwekundu aliyekuwa mkali, na mwengine mweusi aliyekuwa mzembe, na huyo mzembe ndiye aliyempenda zaidi. Alipopoteza kifaranga alinyamaza siku nzima. Baadaye nilielewa kwamba kila kifaranga aliyepotea alikuwa hoja mpya mikononi mwa shemeji zake.

Mvua za masika zilipokatika mwaka ule, mitetea yote miwili ilitoka na vifaranga. Mwekundu alikuwa na tisa, mweusi saba. Haikupita wiki wakaanza kupungua. Hatukusikia kelele wala hatukuona damu. Mama alikuwa akienda kisimani, akirudi anawahesabu, mmoja hayupo. Mara moja aliona manyoya laini kidogo nyuma ya jiko, basi.

Mwishoni mwa shamba lake, pale msitu ulipoanzia, palikuwa na mbambakofi mkubwa wenye tawi moja kavu lililotoka upande wa shamba. Kwenye tawi lile, karibu kila asubuhi, alikaa ndege. Alikuwa na ukubwa wa jogoo mchanga. Kichwa chake kilikuwa kikubwa kuliko ulivyotarajia, na alikaa wima, kifua mbele, bila kusogea, hata saa nzima. Chini yake kuku walipita wakichakura. Mtu akimwona ndege mwenye mdomo wa ndoana amekaa juu ya kuku, hatafuti ushahidi mwengine. Kijijini walimwita mwewe, kwa sababu kila ndege mwenye mdomo wa namna ile walimwita mwewe.

Jumamosi moja asubuhi mama alinijia barazani nilikokuwa nikisahihisha madaftari. Aliniambia watu wanasema ni yule wa kwenye mbambakofi, lakini yeye hana hakika, kwani hajamwona hata siku moja akishuka. Alitaka kujua kutoka kwangu, mimi niliyesoma.

Ilikuwa siku yangu hiyo. Chumbani nilikuwa na kitabu cha ndege nilichopewa na mkufunzi mmoja wa chuoni alipokuwa akifungasha kurudi kwao Ulaya. Jalada lilikuwa limeliwa na mchwa lakini picha zilikuwa nzima, za rangi, na maelezo ya Kiingereza pembeni. Tangu nipewe nilikuwa sijakifungua kwa kazi yake. Nilikitumia kunyooshea karatasi zilizokunjika. Nilikichukua, tukatoka na mama hadi katikati ya shamba, nikasimama hatua kama themanini kutoka mtini na jua likinipiga usoni. Nilimtazama ndege. Nikaona tumbo lenye mistari ya kahawia na nyeupe. Nikafungua kitabu, nikampata ndege wa msituni, wa ukubwa wa kiasi, mwenye tumbo la mistari, na maelezo yakasema hupenda kuku. Haikunichukua dakika kumi.

Nilimsomea mama maelezo yale kwa Kiingereza kwanza. Alikuwa hajui hata neno moja la lugha ile, na nililijua hilo. Ndipo nikamfasiria. Nikamwambia, "Ndiye."

Wakati huohuo mgema alikuwa akipita njiani na vibuyu vyake begani. Alikuwa mtu wa miaka arubaini na kitu, mwembamba, mwenye nyayo ngumu kwa kupanda minazi tangu utotoni. Nusu ya wanaume wa kijiji walikunywa tembo lake, lakini mchana hakuna aliyesimama naye kwa mazungumzo. Mimi nilikuwa mtoto wa mvuvi wa Munje, na babangu alitulea kwamba mtu wa tembo hata upande wa upepo wake usikae. Mgema alisimama, akatusalimu, akamtazama ndege, akanitazama mimi na kitabu.

"Mwalimu," aliniuliza, "mkia wake umeuona?"

Nilimwambia kitabu kimekwisha kusema yote yaliyohitajika kusemwa. Alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyesikia, akasema haya, akaenda zake. Mama alimtazama akiondoka mpaka akapotea kwenye mikorosho.

Mtego niliutega mimi mwenyewe, na hilo sikuweza kumsukumia mtu mwengine baadaye. Nilikuwa na mshipi wa kuvulia ambao babangu alinipa nilipoondoka nyumbani, ati mtoto wa Munje asikae pahali bila mshipi hata kama hakuna bahari. Nikaukata vipande, nikatengeneza vitanzi vitano. Siku ya Jumapili nilichukua ngazi ya mama ya kuezekea makuti, nikapanda mbambakofi, nikavipanga vitanzi kwenye lile tawi kavu, pale palipokuwa peupe kwa kinyesi. Nilifanya kazi safi. Nilishuka nikiwa nimejipenda.

Jumatatu nilifundisha hesabu za sehemu. Niliporudi adhuhuri, mama alikuwa amesimama chini ya mti, panga mkononi na mkono wa pili mdomoni. Juu yake ndege alikuwa akining'inia kichwa chini kwa mguu mmoja, mabawa yamefunguka. Kila baada ya muda alijaribu kujiinua, akashindwa, akarudi kuning'inia.

Nilipanda na kanga ya mama, nikamfunika, nikaukata mshipi. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nilishuka naye nikamweka chini, mama akashika kanga, mimi nikashika miguu, na panga likawa pembeni tayari. Hapo ndipo nilipomwona mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa ya manjano hafifu, na alinitazama nayo bila kuyaondoa. Miguu yake haikuwa na manyoya, ilikuwa na magamba magumu ya manjano, na vidole vyake vilikuwa vifupi na vinene, si vile virefu vyembamba vya kwenye picha yangu. Kifua chake hakikuwa na mistari. Kilikuwa cha kijivu kinachoelekea udongo, chote, na mistari ilianza chini yake. Kwenye picha mistari ilianzia kooni. Haya yote niliyaona, na bado mkono wangu ulikuwa unalifuata panga.

Ndege akafungua mdomo. Niliona kitu cha kijani nikadhani ni ulimi umeumia. Kumbe ni mkia. Alitikisika shingo mara mbili tatu, na mbele ya miguu yetu akatapika nyoka wa kijani, urefu wa mkono wangu, kichwa kimepondwa.

Mama alimtazama nyoka kwa muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, "huyu si kifaranga."

Laiti angenikemea. Niliondoa panga nikaliweka nyuma ya mti kana kwamba lilikuwa la mtu mwengine.

Mshipi ulikuwa umemkata mguu wa kulia mpaka ndani, na bawa moja lilikuwa halikunjiki sawasawa. Kumwachia vile ilikuwa kumtupia siafu. Mama alichemsha maji ya chumvi, akamwosha kidonda, akampaka manjano iliyosagwa, nami nikimshika kichwa ndani ya kanga. Kisha tukamweka kwenye tenga kubwa la kuku, tenga lilelile la kupelekea kuku Msambweni, tukalifunika gunia.

Alasiri ile ilitoka sauti msituni, kali, ya kurudiarudia, kama mtu anayebisha hodi kwa haraka kisha akavuta neno la mwisho. Ko-ko-ko-ko-kaa. Ndani ya tenga ndege aliinua kichwa, hakujibu. Sauti ikaita tena kutoka pengine, na tena kutoka mbali.

"Ana mwenziwe," mama akasema. Akaingia jikoni, na jioni ile hakula.

Siku ya pili baada ya masomo nilikwenda kwa mgema. Njiani nilijitungia sababu kadhaa za kuwa kule, kwa ajili ya watu watakaoniona, lakini sikukutana na mtu. Nilimkuta juu ya mnazi. Nikasimama chini nikangoja, na nilipoona anashuka nikamwambia shikamoo, ami. Nilikuwa nimeishi kijiji kimoja naye karibu mwaka mzima na ndiyo mara ya kwanza kumpa shikamoo. Aliitika marahaba bila kuonyesha kwamba amehesabu.

Nilimweleza yote, hata kitabu, hata Kiingereza. Nilitarajia acheke. Aliniuliza ni mguu upi, kama ameanza kula, kama anasimama. Kisha akaniuliza kama naweza kupanda.

Mtoto wa Munje haogopi maji, lakini minazi ya mgema ilikuwa mirefu, na vidato alivyokuwa amevikata kwenye shina vilitosha vidole tu. Nilivua viatu nikapanda mnazi wa jirani na wake, nikiwa nimekumbatia shina kama mtoto aliyemng'ang'ania mamaye. Yeye alikuwa amekwisha kufika juu ya wake anangoja. Kutoka pale niliuona msitu kwa namna ambayo sikuwahi kuuona. Si ukuta tena, bali mabonde na vilima vya majani. Tulingoja.

Baadaye ndege akapita chini yetu. Chini yetu, narudia, maana maisha yangu yote nilikuwa nimewaona ndege kama wale kutoka upande mmoja tu. Mgongo wake ulikuwa wa kahawia iliyokolea, na alipogeuka mkia ukafunguka, nikaona mistari mipana myeusi ikikata weupe. Mmoja, wa pili, wa tatu.

"Mitatu," mgema akasema. "Ninyi mnamwona tumbo, mwalimu. Mimi namwona mgongo. Wenye matumbo ya mistari ni wengi."

Akanifundisha pale juu, kwa sauti ya mtu anayezungumza na nafsi yake. Huyu anayekaa wima saa nzima anatazama ardhi na matawi, anangoja nyoka, na vidole vifupi vile ni vya kumbana nyoka. Mwizi wa kuku hakai peupe. Mwizi ni mdogo zaidi, hujificha ndani ya majani, na ukimwona amekwisha kupita. Sikumwuliza kwa nini hakuniambia haya siku ile shambani. Nilikumbuka kwamba aliniambia.

Halafu akaniashiria mti mmoja uliofunikwa na kamba za msituni, nikaona fungu la vijiti, na juu ya vijiti kitu cheupe kinachotikisika.

"Kinda mmoja tu," akasema. "Hawa hawana wengi."

Nilishuka nikiwa na michubuko kifuani, na neno lile likanifuata mpaka nyumbani, nikamwambia mama.

Siku mbili za kwanza ndege hakula. Mama alimpa firigisi na utumbo wa kuku, hakugusa. Mgema akasema tumletee vya kwao. Ndipo mimi, mwalimu wa darasa la nne, nikaonekana kwenye madimbwi ya mpunga, suruali imekunjwa magotini, akiwinda vyura pamoja na mgema. Tulipata vyura, mijusi, na siku ya tatu mgema akaua nyoka mdogo kwenye rundo la makuti. Ninawaogopa nyoka hata leo. Nilimbeba kwa ncha ya kijiti, mkono umenyooka, mpaka uani, na mama alipoona uso wangu akakaa chini akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu nihamie kwake.

Ndege alimtazama nyoka. Alimkanyaga kwa mguu mzima, akamla kuanzia kichwani.

Mgema akawa anakuja kila alasiri kumtazama mguu. Mwanzoni alisimama nje ya uzio. Siku ya nne mama alimtandikia mkeka kivulini na kumpa kahawa kwenye kikombe kilekile alichonipa mimi. Habari zilifika kwa shemeji kabla kahawa haijapoa. Kesho yake akaja mke wa mmoja wao, akasalimu vizuri, akauliza hali, akazunguka sana, kisha akasema watu wanashangaa kumwona mgema kwenye ua wa mjane Mwislamu.

Mama alikuwa anapepeta mpunga. Hakuacha.

"Waambie kahawa niliyompa ni yangu," akasema, "na mwalimu alikuwepo akinywa."

Mgeni alinitazama. Nikasema ndiyo, nilikuwepo. Ni jambo dogo, lakini nilijua nimesema kitu ambacho babangu asingekipenda, na sikukijutia.

Wakati huo wote ndege akiwa tengani, vifaranga waliendelea kupungua. Wawili walikwenda ndani ya siku tano. Mama hakunikumbusha kitu. Siku ya sita, adhuhuri, tulikuwa wote uani, mitetea ikichakura karibu na migomba, na kukapita kitu kati ya jiko na migomba, chini kabisa, kama jiwe lililorushwa na kombeo. Mtetea mwekundu alipiga kelele kitu kikiwa kimekwisha kupita. Nilichowahi kuona ni mgongo wa rangi ya majivu, mabawa mafupi ya mviringo, na miguu mirefu myembamba imeshika kifaranga. Kikaingia msituni bila kugusa hata jani.

Nilikwenda chumbani nikafungua kitabu kwenye ukurasa uleule niliomsomea mama. Mgongo wa majivu, mabawa mafupi, mistari kuanzia kooni. Yote yalikuwa pale. Kitabu hakikuwa na kosa lolote. Kilikuwa kimetumiwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kuitwa msomi.

Kurasa kumi na mbili mbele nilimkuta wa kwetu. Maelezo yake yalikuwa mafupi: wa kiasi, wa misitu ya pwani, mla nyoka, mkia wa mistari mitatu, na kwamba hajulikani sana. Nilimpelekea mama na mgema ile picha. Mgema aliitazama kwa makini, akasema aliyeichora alimwona ndege lakini hakumwona akikaa, maana shingo ameirefusha mno. Nilichukua kalamu, nikaandika pembeni: shingo fupi zaidi. Nadhani hayo ndiyo masahihisho ya maana kuliko yote niliyofanya mwaka ule.

Siku ya tisa kidonda kilikuwa kimeshikana na bawa lilikunjika. Kidole kimoja cha nyuma kilikuwa kimekufa, kimekunjamana kama kipande cha ngozi kavu. Mgema alisema akiendelea kukaa tengani atavunja manyoya. Tulilichukua tenga mpaka mwisho wa shamba asubuhi na mapema. Mama ndiye aliyefungua. Ndege alitoka kwa miguu, akachechemea hatua kadhaa kwenye majani yenye umande, akasimama, akatutazama. Kisha akapiga mabawa, akaenda chini chini, karibu aguse muhogo, akaukosa mti wa kwanza, akakamata tawi la mti wa pili na kuyumba juu yake kwa muda mrefu kabla hajatulia.

"Mungu amsaidie," mama akasema, na tukarudi na tenga tupu.

Sikuweza kuuliza siku ile. Niliuliza siku ya tatu yake, tukiwa njiani mimi na mgema. Nilimwuliza kinda yuko vipi.

"Kinda hayupo, mwalimu," akasema. "Tangu siku ya tano. Mmoja hawezi kuwinda na kulinda."

Nilimwuliza kwa nini hakutwambia. Alisema mama alikuwa akimwosha yule ndege mguu kila siku kwa moyo mweupe, na mimi nilikuwa naingia madimbwini, na yeye hakuona faida ya kutuondolea nguvu kabla kazi haijaisha. Aliniacha nilie kidogo pale mikoroshoni, yeye akijifanya anakagua kamba za vibuyu vyake. Tulikubaliana mama tusimwambie. Lakini jioni ile nilipofika nyumbani alinitazama tu, akaniuliza, "Kinda amekufa, sio?" Nikamwambia ndiyo, mama. Akasema alijua, kwa sababu ile sauti ya msituni ilikuwa imebadilika.

Wiki ile niliwaeleza wanafunzi wangu habari yote, kwa sababu wao ndio waliokuwa wamesambaza kwamba mwalimu amemtambua mwizi. Niliwaambia nilikosea na nikawaeleza namna nilivyokosea. Baada ya hapo waliniletea maswali mengi zaidi kuliko zamani, na mengine niliyajibu kwa kusema tukaulize.

Kwa vifaranga, mgema alifuma kizimba cha fito na makuti chenye mlango mdogo, akakifunga pale nyuma ya jiko, na mama akawafungia humo mpaka waote manyoya ya mabawa. Wa mtetea mwekundu walibaki watatu, wa mweusi wawili. Wote watano walikua. Shemeji walikuja mara moja nyingine na maneno yao ya kumtunza, wakamkuta anapakia mayai, wakanywa chai, wakaenda. Miaka niliyokaa pale sikuwasikia tena wakilisema.

Ndege tulimwona mara kwa mara. Alihama lile tawi kavu, na sikumlaumu. Alikaa ndani zaidi kidogo, kwenye miti ya msitu wenyewe, na ungemjua kwa namna alivyoshika tawi, mguu mmoja ukiwa umekaa upande. Nilimpeleka mwalimu mwenzangu kumtazama mara moja, akaniambia ni mwewe tu. Nikamwomba angoje ageuke. Tulingoja karibu saa nzima na hakugeuka, mwenzangu akachoka akaondoka.

Masika ya mwaka uliofuata mgema alikuja asubuhi kabla sijaenda shule. Alisema wamejenga tena, mti mwengine, na wana mmoja. Sikupanda kumwona. Niliogopa nisije nikamtisha mzazi, na nilisema hivyo, lakini kweli nilikuwa naogopa kumpenda kabla hajaota manyoya. Mgema alinipa habari kila Ijumaa: ameanza kusimama, ameanza kupiga mabawa, jana amekaa nje ya kiota.

Kisha ikaja siku mgema akatuita wote wawili. Mama alivaa viatu kana kwamba anakwenda mkutanoni. Tulisimama mwisho wa shamba, watatu sisi, tukatazama aliponyoosha kidole. Ndege mchanga, mwenye kichwa cheupe kilichochirizika kahawia, alikuwa amekaa kwenye mbambakofi, hajui afanye nini na miguu yake. Mzazi alikuja na kitu kinachoning'inia mdomoni, akatua karibu naye, na kwa jinsi alivyotua, mguu ukikosa tawi kwanza kisha ukilipata, nilimjua. Mtoto aliushika ule mkia wa nyoka uliokuwa nje, akavuta, akavuta, nyoka akatoka taratibu kooni mwa mzazi kama kamba kisimani.

Mama alikuwa amenishika mkono bila kujua. Tulisimama mpaka mtoto akamaliza kumeza.

"Haya," mama akasema, "tumemwona. Twendeni, kuku hawajala."